Orodha ya Vitabu vya Vuli Iliyozunguka Nyumba Sitini na Nne

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA NNE CHA KAMATI YA CHUMBA CHA KUSOMEA, MTAA WA KAMISAWA, KILICHOFANYIKA JUMATANO, TAREHE 5 NOVEMBA, MWAKA WA SABA WA REIWA (2025), KATIKA UKUMBI WA MTAA, KUANZIA SAA NANE MCHANA

WALIOHUDHURIA
Bw. Tokunaga Eisaku, mwalimu mkuu mstaafu – Mwenyekiti
Bi. Muroi Sachie, mwenye duka la tofu (jibini la soya) – Makamu Mwenyekiti
Bi. Ogata Haruno, mkunga mstaafu – Mjumbe
Bw. Shirai Takuma – Mwakilishi wa Manispaa
Inaba Mio, karani wa Chumba cha Kusomea – Katibu

ASIYEHUDHURIA
Bw. Nagase Kenzo, mkulima – kwa udhuru wa kuvuna matofaa. Alituma kreti moja ya matofaa na ujumbe kwamba kura yake iko upande wa Bi. Ogata "kwa jambo lolote litakalotokea".

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kuagiza kwamba safari hii maneno ya kila msemaji yaandikwe kama yalivyotamkwa, ili asitokee mtu baadaye akasema hakusema. Katibu aliahidi kufanya hivyo.

Bw. Shirai alieleza kwamba ameleta hesabu ya Manispaa na angependa kuisoma mapema kwa kuwa anawahi basi la saa kumi. Mwenyekiti alisema, "Hesabu itangoja. Kwanza kosa."

KUMB. NA. 4/2: KOSA LA KATIBU
Mwenyekiti alikumbusha kwamba mwezi Agosti Manispaa ilitoa sharti: vitabu mia tatu viazimwe kati ya tarehe 1 Septemba na 31 Oktoba, la sivyo Chumba cha Kusomea kifungwe mwisho wa mwaka na karani aachishwe kazi. Mwaka jana, katika miezi hiyo hiyo, viliazimwa mia moja na kumi na nane. Kwa hiyo kikao cha tatu kiliazimia kupendekeza vitabu vipya vya kila aina, na orodha ipitishwe nyumba kwa nyumba kwenye ubao wa matangazo, kila nyumba ikigonga muhuri wake kabla ya kuupeleka kwa jirani.

Mwenyekiti aliandika orodha safi kwa mkono wake. Katibu, badala ya kuibana orodha hiyo kwenye ubao, alibana rasimu aliyoinakili kutoka daftari lake, yenye maneno ya wajumbe kama yalivyotoka vinywani mwao.

Katibu alikiri kosa. Alieleza kwamba karatasi zote mbili zilikuwa juu ya meza moja, na kwamba aligundua siku ya tatu, ubao ukiwa nyumba ya tisa. Alisimama, akainama, akaomba radhi. Mwenyekiti alisema, "Keti, binti. Bado sijamaliza."

Aliendelea kueleza kwamba tangu mtaa uanze, ubao haujawahi kurudishwa njiani. Kuurudisha kungeilazimu kamati kuomba radhi mlango kwa mlango, na aibu hiyo ingelizidi kosa lenyewe. Ndipo rasimu ikaachwa izunguke.

Ili wajumbe waone uzito wa jambo, Mwenyekiti alisoma kutoka daftari la Katibu.

Kuhusu riwaya ya upelelezi Wageni Saba wa Nyumba ya Theluji, orodha safi ilisema: "Ina mafunzo juu ya haki." Rasimu ilisema: "Bi. Ogata: Muuaji nilimjua ukurasa wa arobaini. Nikaendelea kusoma nione kama na yeye anajijua."

Kuhusu kitabu cha katuni cha wasichana wanaocheza tenisi ya meza: "Bi. Muroi: Nilimnyang'anya mjukuu wangu ili afanye hesabu. Hesabu hakufanya, na maziwa yangu ya soya yakaungua sufuriani."

Kuhusu kitabu cha sayansi ya udongo: "Bw. Nagase: Mwandishi hajawahi kushika jembe, lakini minyoo anaijua kama shangazi zake."

Mwenyekiti alifunga daftari. Bi. Ogata alisema, "Mwalimu, ya kwetu umeyasoma kama tuko darasani. Na la kwako soma." Mwenyekiti alijibu kwamba hakuna haja. Bi. Ogata alisema, "Mimi nimezalisha nusu ya mtaa huu, sioni haya ya kungoja." Mwenyekiti alimwamuru Katibu asome.

Katibu alisoma kuhusu kitabu cha historia Mfereji wa Karne Nne, kilichotoka mwaka huu: "Mwenyekiti: Ni kirefu na kikavu. Nilimsomea mke wangu hospitalini kila jioni, na kila jioni alilala kabla ya ukurasa wa tatu. Siku niliyofika ukurasa huo akiwa bado macho, nilijua atapona. Hili usiliandike."

Mwenyekiti aliomba ionekane kwenye kumbukumbu kwamba Katibu aliandika hata maneno "hili usiliandike".

Alisema nyumba sitini na nne sasa zinajua mambo ya chumbani kwake. Alipendekeza kamati iiandikie Manispaa kwamba mkataba wa Katibu usiongezwe, hata kama Chumba kitabaki wazi. "Sina chuki naye. Lakini kilichotoka bila idhini yangu si cha kamati hii."

KUMB. NA. 4/3: MUHURI WA NYUMBA YA KWANZA
Bi. Muroi alitoa ubao kutoka mfuko wa dukani kwake. Alieleza kwamba ulimaliza mzunguko na kukabidhiwa kwake, na kwamba tangu hapo ameuweka mbali na mvuke. Alionyesha safu ya mihuri chini ya rasimu na kuweka kidole kwenye wa kwanza. "Mwalimu, umesema bila idhini yako. Na hii ni nini?"

Mwenyekiti alivaa miwani. Alithibitisha kwamba muhuri ni wa Tokunaga, lakini alikana kuugonga. Siku hiyo alikuwa kliniki ya macho.

Bi. Ogata aliuliza, "Muhuri wa nyumba yako unakaa kwa nani?"

Mwenyekiti alijibu kwamba unakaa kwa mke wake.

Bi. Muroi, ambaye nyumba yake ni ya pili, alisema, "Siku zote mkeo, Bi. Kiyo, huniachia ubao mlangoni. Siku hiyo alibisha hodi. Akaniambia, 'Sachie, hii usigonge tu ukapitisha kama tulivyozoea. Isome. La nne linanihusu mimi.' Alikuwa anacheka huku ameshika kizingiti."

Mwenyekiti aliuliza kama kweli alikuwa anacheka.

"Anacheka, Mwalimu."

Mwenyekiti aliuliza kama ni kwa sauti.

"Mpaka mbwa wangu akabweka."

Mwenyekiti alivua miwani. Bw. Shirai aliomba, kwa heshima zote, kusoma hesabu yake.

KUMB. NA. 4/4: HESABU YA MANISPAA
Bw. Shirai alisoma kwamba kati ya tarehe 1 Septemba na 31 Oktoba viliazimwa vitabu mia nne na kumi na viwili. Bi. Ogata alimtaka arudie, kwa madai kwamba hasikii vizuri. Bw. Shirai alirudia. Bi. Ogata alimtaka arudie tena, akakiri kwamba mara ya pili alisikia.

Bw. Shirai aliongeza kwamba kitabu kinachosubiriwa na watu wengi kuliko vyote ni Mfereji wa Karne Nne: nakala moja, watu thelathini na saba kwenye foleni. Alisema katika miaka yake tisa kazini hajaona historia ya mfereji ikipangiwa foleni.

Bi. Ogata alisema, "Wanatafuta usingizi."

Bi. Muroi alisema, "Wanataka kuona nani atafika ukurasa wa tatu."

Bw. Shirai alikabidhi barua ya Manispaa inayothibitisha kwamba sharti limetimizwa na Chumba cha Kusomea hakitafungwa. Wajumbe walisimama na kuinua mikono juu mara tatu kwa shangwe. Mwenyekiti aliinua mara ya tatu tu, na ndiye aliyechelewa kuishusha.

KUMB. NA. 4/5: MAAZIMIO
Mwenyekiti aliondoa pendekezo lake juu ya Katibu. Badala yake alimwamuru Katibu aandike barua ya kuiomba Manispaa imwongezee mkataba, akaisema barua hiyo neno kwa neno yeye mwenyewe. Katibu aliomba dakika moja ya kubadilisha kalamu, akapewa.

Iliazimiwa pia kwamba zinunuliwe nakala tano zaidi za Mfereji wa Karne Nne, na kwamba orodha ya majira ya baridi iandikwe kwa maneno ya wasemaji wenyewe. Bi. Muroi aliuliza ni nani ataikagua kabla haijabanwa kwenye ubao. Mwenyekiti alisema, "Kiyo."

KUMB. NA. 4/6: MENGINEYO
Akirudisha ubao, Mwenyekiti aliona maneno madogo ya penseli kando ya kitabu cha nne. Aliuliza kama wengine wameyaona. Bi. Muroi alijibu kwamba mtaa mzima umeyaona. Mwenyekiti aliyasoma kwa sauti: "Sikuwa nimelala. Nilifumba macho tu, nisikilize vizuri."

Katibu aliuliza kama na hili aliandike.

Mwenyekiti alisema, "Liandike."

Wajumbe walitawanyika saa kumi na dakika kumi jioni. Bw. Shirai, ambaye basi lilikuwa limemwacha, alipewa matofaa sita.

Tokunaga Eisaku, Mwenyekiti (muhuri, umegongwa kwa mkono wake mwenyewe)

Inaba Mio, Katibu (muhuri)