Msumeno wa Kukatia Sukumawiki

Baba Gati,

Uji uko kwenye chupa. Ng'ombe mwenye ndama bado hajanyweshwa, ila wewe usiinue ndoo, mwite jirani.

Nimeenda Machochwe kumkatia mama kuni. Msumeno wako mkubwa wa petroli uko stoo, palepale ulipokuvunja mgongo juzi. Nimebeba mdogo, ule niliouchagua mwenyewe dukani Mugumu ukacheka mbele ya watu, ukasema ni wa kukatia sukumawiki. Muuzaji alinionyesha mitatu. Sikuuliza habari za injini. Niliinua mmoja mmoja. Mtu aliyebeba kuni kichwani tangu utoto hafundishwi uzito.

Leo asubuhi nimeumaliza ule mgunga uliolala nyuma ya jiko tangu Pasaka. Najua ulisikia, maana ulijifunika blanketi mpaka kichwani. Nenda ukaone, kuni nimezipanga mpaka dirishani.

Kesho kaka zako wakija kwa mambo ya mahari ya Gati, watazikuta hapo. Wakiuliza nani amekata, ~~sema ni wewe~~ sema ni mke wako.

Mama Gati