Wimbo wa Mama Yangu Umeingia Baa

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, na mimi nimenuna kuliko hiyo mbingu ya Virginia.

Jana nilivaa kitenge kipya nikaenda kutazama sinema ya Kathir. Kathir ni yule kijana wa Kihindi, Mtamil, aliyekuwa jirani yetu hapa Falls Church. Siku za kazi fundi wa kompyuta, wikiendi anapiga filamu kwa kamera ya kuazima. Filamu yake ya kwanza kabisa, fupi tu, aliipigia jikoni kwangu, na mimi ndiye niliyeshika taa mpaka mkono ukafa ganzi. Alikuwa akiniita akka, yaani dada mkubwa kwa lugha yao, nami nikavimba kichwa, maana sina mdogo wa kiume.

Baadaye akaacha kazi nzuri akarudi kwao Chennai kuwa mwongozaji. Huko alianza kwa kutumwa chai na wakubwa. Filamu yake kubwa ya kwanza ilianguka vibaya, akanipigia simu analia, nikambembeleza ajaribu tena. Hii ya pili imevuma. Watamil wa huku wamekodi ukumbi mzima na watu wamekaa mpaka kwenye ngazi.

Pale mlangoni nilijidai sana. Niliwaambia watu nisiowajua kwamba huyo ni mdogo wangu.

Katikati ya sinema jambazi anaingia baa. Ngoma zinalia, wasichana wanakata viuno, wanaimba: "Lala, lala Zuhura, giza halina meno."

Zuhura ni mimi.

Wimbo huo aliutunga mama yangu, Tanga, wa kunilaza. Haumo kwenye kanda yoyote. Mama alipofariki sikuweza kwenda kumzika kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji, basi nikakaa jikoni nikauimba. Kathir alikuwepo. Nilimfafanulia neno kwa neno, akalia pamoja nami, kisha akaomba aurekodi, abaki na kumbukumbu ya mama yetu. Mama yetu, eti!

Ukumbi ulipiga miluzi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Asubuhi nimempigia simu. Hakukana.

"Akka, don't take it like that," akasema. "For them it's just la-la-la. Nobody knows it's words."

"You know," nikamjibu.

Akasema kuna watu wanamsubiri.

Nina hasira, lakini zaidi nimeumia. Alijua akiniomba nitakataa, ndiyo maana hakuniomba. Jambazi wa kwenye sinema angalau alivaa miwani myeusi, ukamtambua tangu anaingia.

Mchana huu nilikuwa namlaza Rehema, binti yangu wa miaka minne, ambaye jana nilimbeba kwenda naye kwenye sinema kwa kiherehere changu. Nikauanza wimbo kwa sauti ya chini kama siku zote. Mtoto akafumbua macho. Akasimama juu ya kitanda, akashika kiuno, akaanza kukikata.

"Louder, Mama!"

Nikanyamaza, naye akaendelea kucheza peke yake, anacheka.

Sijui wimbo mwingine wa kumlaza mtoto. Wa kunifundisha hayupo tena.

Kesho nitamwimbia nini?