Ninian Lumsden na Nyumba ya Njiwa ya Balcarrow

Mwaka umezunguka, Ninian, tangu tulipokulaza nyuma ya kanisa la Balcarrow, upande ule unaopigwa na upepo, kama ulivyotaka mwenyewe. Mimi dada yako Netta ndiye niliyepewa kalamu, maana mkeo Peigi amekataa katakata. "Andika wewe, wifi," alisema. "Mimi nikianza nitamtukana gazetini."

Basi naandika kwa niaba ya sote.

Tunakumbuka upole wako. Theluji ikifunga njia, trekta yako ndiyo iliyosikika kwanza, na kwa kila mjane ulishusha kuni ukaondoka kabla hajafungua mlango, usije ukashukuriwa. Tunakumbuka kofia yako ambayo hata mbwa alikuwa anaikwepa, na vikombe vyako vya chai ambavyo hukuvimaliza hata siku moja. Bado tunaviokota shambani, katikati ya viazi.

Na tunakumbuka majengo yako. Parokia yetu ni ndogo, lakini ina majengo ya kale yanayolindwa na sheria, ambayo mtu habadili hata dirisha bila kibali: kanisa lenyewe, daraja la mawe, kinu cha zamani, nyumba ya mchungaji. Kila Jumapili baada ya ibada ulikuwa unayazungukia, ukipapasa kuta kama daktari anayetafuta homa. Lakini hayo ulikuwa unayasalimia tu. Uliyoipenda ilikuwa moja, nyumba ya njiwa, ule mnara mnene wa mawe uliomo shambani mwako, mbele kabisa ya dirisha la jikoni la Peigi. Njiwa wenyewe waliliwa enzi za mababu. Ndani mmebaki vishimo vya viota tu, vitupu, kutoka sakafuni hadi juu. Hata hivyo kila kiangazi ulikuwa juu ya ngazi na ndoo yako ya chokaa, unapiga mluzi.

Peigi alikuwa na wivu, Ninian. Sijui kama ulijua; sisi wengine tulijua. Alikuwa anaiita ile nyumba mke mwenzake. Asubuhi akifungua pazia: "Haya, mke mwenza, umeamkaje? Bwana anakuja sasa hivi, anamaliza uji." Paa la chumba chenu lilivuja mpaka mkalala na beseni katikati yenu, huku mwenzake anavishwa vigae vipya. Siku mliyotimiza miaka ishirini ya ndoa alioka bata, akavaa gauni la buluu, nawe ukaingia na chokaa kwenye nyusi, ukasema, "Leo amependeza sana yule, ufa wake umefunga kabisa." Bata yule aliliwa na mbwa.

"Angekuwa mwanamke, ningemngoja azeeke," Peigi aliniambia siku hiyo, macho yamemwiva. "Huyu kadiri anavyozeeka ndivyo serikali inavyozidi kumlinda!"

Nilicheka, ndiyo. Yeye hakucheka.

Ulipoondoka tulidhani wivu huo tumeuzika nawe. Wapi! Majira ya baridi yalipoingia, dhoruba iling'oa vigae vya kilele, maji yakaingia ndani ya ukuta wa mashariki, ukaanza kutoa tumbo. Akaja bwana mmoja wa halmashauri, akautazama, akasema usipozibwa kabla ya barafu nyingine basi nyumba nzima itakwenda chini. Peigi akampa chai na skonzi, akamshukuru, akafunga mlango. Kisha akavuta kiti chako mpaka dirishani akaketi.

"Unafanya nini, wifi?" nikamuuliza.

"Nangoja aanguke. Nataka nimshuhudie kwa macho yangu."

"Acha mzaha."

"Mzaha? Amekula miaka yangu yote huyu. Acha aende." Akakoroga chai yake bila kunitazama. Alikuwa hatanii hata kidogo, na mnara ukishaanguka hakuna kibali cha serikali kitakachourudisha.

Asubuhi moja tukasikia nyundo. Alikuwa Dod Gourlay, fundi wako wa mapaa, rafiki yako wa tangu shule. Amekuja bila kuitwa, ameegemeza ngazi na kupanda. Peigi akatoka mbio na ndara zake kwenye tope, mimi nyuma yake.

"Dod! Shuka hapo!"

"Sishuki, shemeji."

"Mnara ni wangu sasa, nami nimesema uanguke!"

Dod akageuka, nusura ngazi imteleze. "Wewe ndiye unayesema hivyo? Wewe?"

"Mimi, ndiyo! Kwani nimeolewa nao?"

"Shemeji, nyumba ya njiwa ikianguka, mke wa mwenye shamba hamalizi mwaka. Anakufa. Ina maana hujui?"

"Upuuzi gani huo?"

"Upuuzi, sawa. Lakini mumeo hakuthubutu kuujaribu."

Jamani, Ninian! Sisi tuliozaliwa hapa tunalijua jambo hilo tangu tunanyonya, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuna mtu wa kuambiwa, hata mimi nilipomwona ameketi pale dirishani; nilidhani anajua. Peigi tulimtoa kisiwa cha Lewis, na huko kwao nyumba ya njiwa hawaijui. Nawe ulikuwa mzee wa kanisa, unasimama mbele ya watu na sahani ya sadaka. Ungemwambiaje mkeo kwamba unaamini mambo ya namna hiyo?

Peigi akaishika ngazi kwa mikono miwili.

"Mwaka ule nilipolazwa kwa ugonjwa wa mapafu," alisema taratibu, "alikuja kuniona hospitali na chokaa kwenye kucha. Nilimgeuzia mgongo. Nikamwambia, rudi kwa huyo uliyetoka kwake."

"Na akarudi," Dod alisema. Sasa alikuwa ameshuka. "Mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Mvua ya mawe inatuchapa usoni, namwambia, shuka wewe mwendawazimu, utavunjika shingo. Akasema, 'Halitoki jiwe hata moja hapa, Dod, mpaka Peigi arudi nyumbani.' Alikuwa analia, shemeji. Nilijifanya nadhani ni mvua."

Peigi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alilia kwanza, halafu akakasirika, na hasira yake unaijua. "Mjinga! Mjinga mkubwa! Mdomo alikuwa nao wa nini? Nimekaa miaka yote hiyo namwonea wivu mwanamke, kumbe mwanamke mwenyewe ni mimi!" Akajifuta pua kwa aproni, akamtazama Dod. "Chokaa inachanganywaje?"

Wakaufunga ukuta, yeye na Dod, barafu haijarudi. Usidhani wivu umekwisha, umehama tu. Juzi niliegemea pale nivue jiwe lililoingia kiatuni. "Ondoa mgongo wako, wifi!" Bwana wa halmashauri akija kukagua, anafuatwa hatua kwa hatua kama mwizi. Naye Dod, aliyeokoa kila kitu, hajasamehewa mpaka leo. "Wewe alikwambia," anamwambia kila akimmiminia chai, "na mimi niliyelala naye hakuniambia." Dod hunywa chai yake. Kusema kweli tunadhani jambo hilo litamuuma Peigi mpaka mwisho, na hatujui la kumwambia. Ungekuwapo ungemwambia wewe.

Jumapili hii, baada ya ibada, tutapita kaburini kwako, kisha wote mnakaribishwa kwa Peigi kwa supu na keki ya matunda.

Unakumbukwa na mkeo Peigi; na wanao Catriona na Struan, pamoja na wenzi wao; na wajukuu zako; nami dada yako Netta; na rafiki yako Dod Gourlay; na parokia nzima ya Balcarrow.

Hutatutoka moyoni, Ninian. Ukuta umesimama, na Peigi amemaliza mwaka.