Kwa Tharsisi, Mwimbaji wa "Kanyaga Maximilla"

Mume wangu mpenzi Tharsisi, leo tarehe 14 Oktoba 1978 umetimia mwaka kamili tangu homa ilipokuchukua mikononi mwetu.

Ulikuwa fundi baiskeli sokoni Kibondo. Mikono yako ilinuka gundi ya pancha hata kanisani. Nilipokwenda darasa la jioni ulibaki na mwanetu Reverien mgongoni, wanaume wenzako wakikucheka, wewe unawaimbia.

Sasa sikia walichokifanya wenzako wa bendi yako ya zamani. Wimbo wenu wa kwanza kabisa, "Kanyaga Maximilla", ile rokenroli uliyoitunga ukinichumbia, wameurudia. Kiongozi wao wa sasa, Melkiadi, aliingia wewe umeshaacha, hakuwahi kukusikia. Aliazima kaseti yako ya zamani kwa Bwana Abdalah mwenye duka, akaipiga kwa betri zilizokwisha, zile za kuanikwa juani. Kaseti ikajikokota, sauti yako ikatoka kama ng'ombe mgonjwa. Na hao wanaojiita wanamuziki wakakaa wiki nzima wakijifunza kunguruma hivyohivyo!

Wameupiga Kasulu, watu wakalia. Ndipo Melkiadi akaja nyumbani kifua mbele, mashine ya kaseti kwapani, kaseti yako ikiwa ndani.

"Shemeji, siku ya kuondoa tanga tutauimba kama marehemu mwenyewe. Alikuwa na sauti nzito, ya huzuni."

"Nzito?" mama yako akauliza. "Huyu niliyemzaa mimi?"

"Mama, muziki una wataalamu wake."

Wataalamu! Kubadili betri tu kumewashinda.

Mwanao alikuwa na miezi mitano ulipoondoka. Sauti ya baba yake ni hiyo kaseti, hana nyingine. Akikua akijua baba yake alikuwa mtu wa kunguruma, nani atamwondolea hilo?

Nikamtuma dada yako Esteri dukani, akaleta betri mpya, nikazitia katika mashine yao ileile. Ukatoka wewe: mbio, sauti nyembamba, unacheka katikati ya ubeti. Mama akajifunika kanga usoni. Reverien akashika meza, akaanza kurukaruka.

Melkiadi akasema, "Hii mashine sasa inakimbia mno."

Basi tunawatangazia ndugu na marafiki: tanga tutaliondoa Jumamosi ijayo baada ya misa, hapahapa nyumbani. Wanabendi wakaribie kula. Magitaa wayaache kwao. Siku hiyo utaimba wewe.

Unakumbukwa na mkeo Maximilla, mwanao Reverien, mama yako Ntirampeba na dada yako Esteri.

Tharsisi, hututoki moyoni maisha yetu yote.