Siku tangi letu lilipoacha kuchacha

Alhamisi, jioni. Mvua imenyesha Kibaha asubuhi nzima, sasa kuna jua jepesi. Nina furaha iliyochanganyika na aibu.

Nianze na aibu.

Mwezi uliopita tangi letu la kuozeshea tope lilichacha. Mtambo wetu wa majitaka ni mdogo, unahudumia bweni moja na nyumba kadhaa huku Mkuza. Ndani ya tangi kuna vijidudu vinavyokula tope na kutoa gesi. Vikiugua, tope haliozi sawasawa, na harufu inatoka. Ikatoka kweli. Majirani wakawa wanakula wamefunga madirisha. Bwana afya akatupa muda hadi mwisho wa mwezi huu: harufu iishe, au tufunge.

Mimi ndiye fundi mkuu, nina stashahada. Nikamwaga chokaa, nikapima, nikamwaga tena. Uchachu ulitulia siku mbili, ukarudi.

Dada Zuhura, mwendesha pampu wetu, alikuwa ameniambia mapema kabisa: "Bosi, unalivimbisha hili tangi. Chakula chote asubuhi, halafu njaa mpaka kesho. Hata wewe tumbo lingekusumbua." Kwao Kibuta, kule Kisarawe, wanapikia gesi ya samadi, na yeye ndiye aliyekuwa akiulisha mtambo wao tangu akiwa msichana.

Nilicheka. Naandika hapa nisije nikasahau: nilicheka.

Chokaa ilipoisha nikamfuata. "Dada, nimeshindwa. Nyie nyumbani mngefanyaje?"

Hakunisimanga. Alisema tuache kulilisha siku kadhaa. Siku yake ya mapumziko akaenda Kibuta, akarudi na madumu ya tope lililooza vizuri kutoka mtambo wao. "Hii ndiyo mbegu," akasema, akaimimina. Kisha tukaanza upya: kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni, pampu ikikoroga kila mara. Hata siku ambazo si zamu yake alipita kuangalia, viatu vimejaa matope, kama mtu anayemjulia hali mgonjwa.

Povu likapungua. Karatasi ya kupimia uchachu ikaanza kubadilika rangi. Harufu ikakata.

Leo bwana afya amekuja. Nikafungua valvu ya gesi, nikawasha kiberiti. Moto ukashika, wa bluu, haukuzimika. Akavuta pumzi ndefu, akaniangalia. "Mmefanya nini?"

Neno "mimi" lilishafika mdomoni. Dada Zuhura alikuwa pembeni anasuuza ndoo, wala hakuinua kichwa.

"Muulize huyu dada," nikasema. "Ndiye aliyeliponya."

Akaeleza, mikono inachuruzika maji, kwa utulivu wa mtu anayekuelekeza kupika uji. Bwana afya akatoa daftari akaandika. Na mimi nikatoa langu.

Kesho nampelekea meneja ombi kwamba Dada Zuhura ndiye awe msimamizi wa tangi. Na mimi niwe nani?

Mwanafunzi wake, akinikubali.