Unga Unachelewa, Naitwa Mhujumu

Mpendwa mshauri Bi Zamda, shikamoo, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi. Mimi ndiye ninayesaga kwenye mashine ya kijiji chetu cha ujamaa, karibu na Lusu, na Mwenyekiti wetu, Ndugu Limbu, anadai naizungusha mashine bure ili nipate kisingizio cha kuiba dizeli, basi akaja na saa yake ya mkononi kunipima, ila kwa kuogopa vumbi akasimama nje unakotokea unga, na huko nje kina mama hufunga kwa kamba mdomo wa mfuko mrefu wa kitambaa unaopokea unga ili usipeperuke, wanafungua ukishajaa, hawajali umechanganyika kwa sababu mahindi yote ni ya shamba la kijiji, sasa debe la Mama Flavia likachelewa mno kutoka, halafu shemeji yangu Josepha alipomimina tu lake kamba ikafunguliwa, unga ukamwagika papo hapo, Mwenyekiti akapiga kelele, "Haa! Kumbe ndugu zako unawasagia upesi, wengine unawazungusha!" Nikabaki kuapa tu kwamba siibi, maana saa yake ni nzima na sote tuliona. Jumamosi kuna mkutano, nitaitwa mhujumu, nasikia nitapelekwa polisi Nzega, mke wangu ni mjamzito, nafikiria kutorokea Urambo, naogopa Bi Zamda, naogopa sana.

Nikolaus

Marahaba, Nikolaus. Pole, mwanangu, lakini hebu acha kutetemeka usome ulichokiandika mwenyewe! Saa haina kosa, kosa ni pale aliposimama. Mwenyekiti amepima kamba, hajapima mashine. Unga wa Mama Flavia ulikuwa umeshasagika zamani, umelala kwenye kitambaa, na huo ndio uliomwagika wakati wa Josepha. Unashinda humo ndani kila siku, ukashindwa kusema hilo?

Nenda leo kwa Mwenyekiti. Msalimie kwa adabu, wala usimwambie kakosea mbele za watu. Mwombe apime upya, wajumbe wakiwepo. Kwanza kung'uteni kitambaa kisibaki na unga, kisha kamba iondolewe kabisa, vumbi liruke litakavyo. Aingie ndani, ajifunge leso puani. Aanze kuhesabu mahindi yanapoingia kwenye mashine, aishie mlio unapobadilika kwa kukosa mahindi, asingoje unga udondoke. Pimeni debe la Mama Flavia, la Josepha, na la Mwenyekiti mwenyewe. Wote wataona muda wake unavyolingana. Na kama dizeli kweli unaichota, hapo mimi sina dawa.

Ila usithubutu kutoroka. Ukiondoka hakuna atakayejisumbua kupima tena, na mkeo atajifungulia hapo kijijini akiitwa mke wa mwizi.