Samaki Aliyepata Kaburi

Durban, Jumapili baada ya ibada

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Mapendo,

Bwana asifiwe huko nyumbani Baraka. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema linakusumbua ukipanda kutoka ziwani, nami nikakuagiza ulikande kwa maji ya moto kana kwamba nimekuwa daktari. Watoto wazima? Na shemeji, bado anabishana na redio? Mimi niko hai. Nakula, nalala, naenda kazini. Nikisema niko vizuri nitakuwa nakudanganya, na wewe ndiye uliyenilea, uongo wangu unaujua kabla sijaumaliza.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu nitashindwa. Mama Furaha, yule wa saluni niliyekusimulia, anakuja huko kumwona mama yake, ndiye atakayekuletea bahasha hii na kifurushi kidogo. Isome peke yako kwanza, kabla Baba Mdogo hajaanza kupiga kelele.

Naanza na lile mnalolingoja. Mwezi wa saba siji. Najua mbuzi ameshatengwa. Najua fundi ameshaambiwa. Najua pia kwamba mtoto wa kiume wa kwanza ndiye anayemwaga simenti ya kwanza juu ya kaburi la baba yake, ndipo matanga yaondolewe na watu warudi kucheka. Lakini ruhusa niliyoahidiwa imekufa, na kazi imekufa pamoja nayo, na sababu ni samaki mmoja. Cheka ukitaka. Mama Furaha alicheka mpaka akakaa chini.

Unakumbuka nilikuwa kwa mzee mmoja Mzungu, Mister Neville, kwenye vilima nyuma ya Pinetown. Ana mabwawa matatu madogo, madogo kweli, ukirusha jiwe linavuka. Ndani yake amefuga samaki anayeitwa bass, mnene, wa kijani, mdomo mpana kama wa Baba Mdogo. Watu wanatoka mjini na magari yao kuja kumvua. Wanashika ufito mwepesi unaoweza kuubeba kwa vidole viwili, na mshipi mwembamba kama uzi wa kushonea, na chambo ni mnyoo wa mpira. Mpira, Yaya! Kisha samaki akishika wanamshangilia, wanampiga picha, na wanamrudisha majini. Wote. Hata ndoana zao wanazibana kwa koleo, ule mwiba wa nyuma ulale, samaki asiumie akitolewa.

Mwezi wa kwanza nilikuwa nageuza uso. Sisi tumelala njaa mitumbwi ikirudi mitupu, na hapa mtu mzima anambusu samaki na kumwambia kwaheri. Lakini mkono wa mtoto wa mvuvi haukai bure. Mister Neville alinifundisha, nami nikashika haraka kuliko wageni wake. Ule mshipi mwembamba ukiuvuta kwa nguvu unakatika. Inabidi umpe samaki njia, aende, achoke, umrudishe kidogo kidogo. Papa, baba yetu, alizoea nyavu na taa za usiku, lakini hili angelipenda. Nami nililipenda, sitaficha. Mzee akawa ananiita rafiki yangu mbele ya wageni, na siku moja akanipa ufito wangu mwenyewe. Nikaamini.

Siku uliponipigia kwamba Papa ametutoka nilikuwa nimeshika lile koleo, nabana ndoana. Nilimwendea Mister Neville nikamwambia. Alisema, “Pole sana, rafiki yangu. Pole kweli.” Kisha akaongeza, “Ila Jumamosi tuna wageni kumi na wawili.” Kofia yake haikutoka kichwani. Jumamosi hiyo, saa ambayo ninyi mlikuwa makaburini, mimi nilikuwa namshikia mgeni samaki ili apigwe picha. Mgeni aliniambia nitabasamu, na nilitabasamu.

Baadaye aliniahidi, MaKhumalo akisikia. Huyo ni mama Mzulu anayempikia mzee. Mzee alisema mwaka ujao mwezi wa saba, wakati wa baridi samaki wanapolala na wageni wanapungua, nitapata wiki nne niende kumaliza msiba wa baba yangu. Ndiyo maana niliwaambia mningoje.

Sasa sikia ya Gogo. Bwawa la chini lilikuwa na samaki jike mkubwa kuliko wote, mwenye kovu kwenye mdomo wa juu. MaKhumalo ndiye aliyempa hilo jina, maana yake bibi. Kila aliyemvua alimrudisha, na Mister Neville alikuwa akisema kila mara, “Mwacheni akue.” Mimi nilielewa vizuri sana, nikaelewa upande wetu. Unamkumbuka yule beberu wa Papa tuliyemwita Jenerali? Hakuguswa na mtu miaka mingapi? Alikuwa na jina, alikuwa anakula maganda mkononi mwako. Lakini siku ya ndoa yako Jenerali aliliwa, na hakuna aliyelia isipokuwa wewe kidogo, nawe ulikula paja. Nikasema ndiyo hivyo hivyo. Wale wadogo ni wa kuchezea wageni. Huyu anafugwa na mzee, ana siku yake.

Mwezi uliopita Mister Neville alipasuliwa moyo. Siku nyingi hospitalini, sisi tukiomba, mimi pia niliomba kwa kweli. Akarudi Jumamosi, amekonda, anatembea na fimbo. Sasa wewe niambie, kwetu mtu akitoka hospitali hai unamletea nini? Supu ya samaki mzima, kichwa kikiwa mahali pake, kichwa kielekee mwenye nyumba. Mkono mtupu haulambwi. Nikasema kama Gogo ana siku yake, basi siku ndiyo hii.

Jumapili asubuhi MaKhumalo alikuwa ameenda kanisani. Angekuwepo angenizuia mlangoni. Nilishuka bwawa la chini na ufito wangu. Nilirusha ule mnyoo kando ya mayungiyungi, nikauacha uzame, nikautikisa kidogo. Alishika kwa uzito, bila papara. Nilimpa njia akaenda mpaka kwenye matete, nikamrudisha, akaenda tena. Mkono ulianza kuniuma. Mshipi uzi mtupu na samaki mzito vile, lakini haukukatika. Nilipomtoa nilipiga magoti kwenye tope nikasema, Papa, ungeona hii. Sijawahi kuvua vizuri vile, na nadhani sitavua tena.

Nilimpika kama Mama alivyotufundisha. Nyanya, kitunguu, ndimu, pilipili kidogo sana kwa ajili ya moyo wa mzee. Nikamlaza kwenye sahani kubwa, nikampelekea barazani kwa mikono miwili. Alifurahi! Alinusa, akasema, “Elias, hukupaswa kujisumbua.” Akachukua uma, akageuza kichwa cha samaki, akaona kovu.

Akauliza, “Huyu ni yupi?”

Nikajibu kwa furaha, Yaya, kwa furaha kabisa, “Ni Gogo, Boss. Nimekuvulia kwa siku yako.”

Uma ulianguka. Mzee yule alilia. Alishika kifua mahali aliposhonwa, akalia mabega yakitikisika, nami nikaogopa atafia pale mbele ya supu yangu. Nilianza kumwambia kuhusu Jenerali, kuhusu kichwa, kuhusu heshima. Alinizuia kwa mkono. Kisha akasema, “Leta sepetu.”

Nilichimba kando ya bwawa la chini. Alisimama juu yangu na fimbo yake akisema, “Ongeza kina. Mbwa watamfukua.” Nikaongeza. Nilipomweka ndani, na nyanya zake na vitunguu vyake, Mister Neville alivua kofia. Alisimama na kichwa wazi juani mpaka nilipomaliza kufukia.

Hapo ndipo kitu kilipovunjika ndani yangu.

Jumatatu alitaka funguo za chumba nilichokaa pale kwake. Hakunitukana. Alisema tu, “Siwezi kukutazama.” Nikamwuliza kuhusu mwezi wa saba, maana sikuwa na la kupoteza. Akasema, “Mwezi wa saba wa nini?” Alikuwa amesahau. Labda hata bila Gogo angekuwa amesahau, na hilo ndilo linaloniuma nikikaa peke yangu.

MaKhumalo alinisindikiza getini. Alinishika mkono akasema, “Eish, Elias, si ungeniuliza tu?” Kweli ningemwuliza. Lakini nani anauliza kama chakula kinaliwa?

Nilikwenda saluni kwa Mama Furaha na mfuko wangu. Huyo hajui kupoza mtu, unajua Wakongo wa saluni. Akasema mbele ya wateja wake, “Weye Elias uko mujinga! Ile samaki haikukuwa ya kula. Ile ilikuwa mutoto ya muzungu. Ulipikaka mutoto ya mutu, na ndimu juu!” Saluni nzima ikapasuka. Nami nilicheka nao, kisha nikatoka nje nikasimama kando ya robot, ndiyo taa za barabarani, zikabadilika mara nyingi bila mimi kuvuka.

Sasa niko mtaa wa Jacobs, kiwanda cha sabuni, nabeba magunia. Macho yanawasha, mikono inanukia usafi siku nzima. Mfanyakazi mgeni hapati ruhusa mpaka amalize mwaka, na nikiondoka hata wiki moja nafasi yangu inachukuliwa na mwingine aliyesimama getini. Nimejaribu kuomba. Msimamizi hakunitazama hata usoni.

Juzi MaKhumalo alinipigia. Anasema mzee ameweka jiwe pale bwawani. Limechongwa jina la Gogo, na miaka yake. Yaya, samaki niliyemtia ndimu ana jiwe lenye jina. Papa aliyetulea wote kwa ndagala, dagaa wa kwetu, ana udongo mtupu na ule msalaba wa mti, nawe uliniambia mvua imeulaza. Nina hasira na mzee yule, lakini hasira kubwa ninayo na mikono yangu mwenyewe. Katika maisha yangu nimechimba kaburi moja tu, na si la Papa.

Basi msiningoje tena. Baba Mdogo atasema msiba bila mtoto wa kiume wa kwanza ni mkosi. Mwache aseme. Wewe ndiwe uliyemwosha Papa, na wewe umwage simenti ya kwanza, wanaume wanune wakitaka. Mama Furaha atakupa kile kifurushi. Ndani kuna kijiti kilichozungushiwa mshipi, ule ule niliomvulia Gogo. Ufito niliuacha mlangoni kwa mzee, lakini huu niliukunja nikatia mfukoni. Mpe fundi aufunge kwenye vigingi, anyooshee kingo za kaburi kabla ya kumwaga. Mwambie asiuvute kwa nguvu. Avute taratibu, hautakatika.

Nisalimie shemeji, na mama mkubwa aliye mgonjwa wa macho, na mchungaji aliyemzika Papa mimi nikiwa sipo. Baba Mdogo msalimie mwisho. Wanao wabusu, ila usiwaambie habari ya samaki.

Nikiwa mbali, lakini bado wako,

mdogo wako Elias